Nilienda Nyabugogo, Nikarudi na Waya

Ukitaka kununua kelele, nenda Nyabugogo. Kuanzia pale basi za mikoani zinaposhusha watu mpaka kwenye magereji ya Gatsata, kila muuza spika anafungulia ya kwake kwa nguvu kuliko ya jirani. Na Kiswahili kinapita vizuri. Kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini madereva na wafanyabiashara wa pale walishakipitisha zamani bila kungoja sheria.

Nilitumwa na vijana wenzangu wa Kiziba. Kwa msomaji wa mbali: Kiziba ni kambi yetu huku Karongi, juu mlimani, ipo tangu 1996. Kundi letu linafanya mpira, michezo ya kuigiza na matangazo ya chanjo, ya shule, ya mikutano. Tunatumia Hiace ya mzee mmoja jirani, anayetuazima kwa bei ya mafuta tu. Tukiongea kwenye maiki, sauti safi kabisa. DJ akiweka ngoma yenye besi, taa za mbele zinafifia kila besi ikipiga, halafu amplifaya inazima. Mara mbili gari lilikataa kuwaka. Mara ya pili ilikuwa jioni, na usiku uleule mzee akaitwa kupeleka mama mwenye uchungu kituo cha afya. Watu walisukuma gari kwenye mteremko mpaka likawaka. Mama alifika salama. Kesho yake mzee akaniambia polepole, "Mwanangu, muziki wenu ni mzuri. Lakini gari hili si la muziki peke yake."

Vijana wakachanga. Wengi walitaka amplifaya kubwa zaidi: kama hii inazimika, basi ni ndogo. Mzee alikuwa anashuka Kigali kuchukua mzigo, tukaenda na Hiace yenyewe.

Muuzaji wa kwanza alinitolea boksi limeandikwa wati 3000. Jamani, wati za kwenye boksi ni kama idadi ya wanufaika kwenye mabango: hata aliyepita njia amehesabiwa. (Ndugu zetu wa mashirika mtanisamehe.) Nikageuza amplifaya nyuma kuangalia fyuzi. Fyuzi haijui kujisifu. Ilikuwa moja, ya ampea 30. Gari likiwa linawaka linatoa kama volti 14, na 14 mara 30 ni wati 420. Hizo ndizo zinazoweza kuingia bila fyuzi kukatika. Na kwa amplifaya za aina ile, zinazochemka mwili kama sufuria, karibu nusu inaishia kuwa joto. Kwenye spika inafika mia mbili na kidogo. Hiyo yetu ya zamani ina fyuzi mbili za ampea 20. Kumbe tulitaka kununua ndogo kwa bei ya kubwa.

Mwingine akaniuzia maneno ya kapasita, eti itaongeza umeme. Kapasita haitengenezi umeme. Sisi tunaopanga foleni ya maji tunaelewa haraka: altaneta ndiyo bomba, betri ni jerikani, waya ni mpira wa maji. Kapasita ni kikombe. Kikombe kinasaidia mwenye kiu sasa hivi, lakini bomba likitoa kidogo, kikombe nacho kitakauka.

Gatsata tulipata fundi ambaye hakuwa na kitu cha kuuza, labda ndiyo maana nilimwamini. Alichukua mita ya volti, akaniambia, "Mdogo wangu, weka ile ngoma inayowasumbua." Gari likikanyagwa mafuta, kwenye betri mita ilisoma 13.2. Kwenye amplifaya, ngoma ileile, ilisoma 11. Volti mbili na zaidi zilikuwa zinapotea njiani! Waya wetu ulikuwa mwembamba, milimita za mraba 4, mita tano kutoka mbele mpaka nyuma. Hapo peke yake karibu volti nzima inaliwa. Nyingine ilipotelea kwenye masi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, maana ulifungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme.

Halafu akaacha mafuta, mashine ikaunguruma taratibu. Hata kwenye betri yenyewe mita ilishuka mpaka 12.3. Altaneta ya Hiace yetu imeandikwa ampea 60, lakini gari likisimama haizungushwi vya kutosha kuzitoa zote, na taa nazo zinakula zake. Sisi matangazo yetu mengi tunayafanya gari likiwa limesimama.

Nikanunua waya wa shaba wa milimita 25, fyuzi ya kukaa karibu kabisa na betri (waya mnene ukigusa chuma bila fyuzi, gari linaungua), betri ya pili ya muziki tu, na rilei inayotenganisha betri hizo mbili mashine ikizimwa. Fundi alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga masi.

Kambini walinizunguka. Kijana mmoja aliyechanga kuliko wote akachungulia ndani ya gari. "Hela zetu zote, yaya, umeleta waya?" Sikumlaumu. Waya hauonekani, na spika ni zilezile. Tulipofungulia, besi haikuongezeka sana. Ilikuwa tu haikatiki, na taa zilitulia.

Mzee alisikiliza wimbo mmoja, akazima mashine, akawaacha waendelee na betri yao nusu saa nzima. Kisha akapiga stata. Gari likawaka mara moja.

Wawili bado wanataka amplifaya kubwa. Nimewaambia waanze na bei ya altaneta ya ampea 120.