Zohali Ina Miezi Mingapi?

Kila linapozuka suala la TEHAMA katika shule zetu za msingi, mjadala huanza na kuishia kwenye vifaa. Huulizwa ni shule ngapi zimepata kompyuta, ni walimu wangapi wamegawiwa vishikwambi, ni vijiji vingapi vimefikiwa na mkongo wa taifa. Hayo ni maswali halali, nami nimeyauliza mara nyingi katika safu hii. Hata hivyo, muhula uliopita nilipata nafasi ya kukaa na watoto wa darasa la sita katika shule moja ya serikali pembezoni mwa mji wa Morogoro, na nikatoka pale nikiamini kwamba lipo swali zito zaidi tusilolijadili: mtoto akishakishika kifaa hicho, tumemwandaa kukiuliza nini?

Mwalimu wa sayansi wa shule hiyo, ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi, aliniomba nimsaidie kwa wiki nne katika mada ya mfumo wa jua. Darasa lilikuwa na wanafunzi 68. Vifaa vyetu vilikuwa kompyuta mpakato yangu, simu zetu wawili na kifurushi cha intaneti tulichochangiana. Tuliwagawa watoto katika makundi manane, kila kundi na sayari yake, kila zamu dakika kumi na tano. Waliokuwa wakisubiri walichora, walisoma kitabu au waliandika maswali ambayo wangeyatafutia majibu zamu yao ikifika. Uhaba huo ulituletea faida tusiyoitarajia. Mtoto mwenye dakika kumi na tano hana muda wa kuzurura mtandaoni. Huja na swali alilokwisha kulifikiria.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha. Kijana mmoja aliandika "mfumo wa jua" katika sehemu ya kutafutia, akaletewa matangazo ya paneli, betri na taa za umeme wa jua. Darasa zima likaangua kicheko. Kundi lililokuwa likitafiti sayari iliyo karibu zaidi na Jua lilikuta ukurasa mmoja ukiiita Zebaki na mwingine ukiiita Utaridi, wakabishana kwa nusu saa wakidhani ni sayari mbili. Aliyemaliza ubishi ni msichana aliyelinganisha takwimu: zote mbili zilisemwa hulizunguka Jua kwa siku 88. "Basi ni mtu mmoja mwenye majina mawili," akasema. Tulipohamia kurasa za Kiingereza, habari zilijaa tele, lakini watoto wakawa wananakili sentensi wasizoweza kuzieleza. Lugha inayokadiriwa kuwa na wazungumzaji zaidi ya milioni 200, iliyotengewa na UNESCO siku yake ya kimataifa, Julai 7, bado haijamwandikia mtoto wake wa miaka kumi na miwili kurasa za kutosha kuhusu anga lililo juu ya kichwa chake. Sisi wahadhiri huiadhimisha siku hiyo kwa hotuba na makongamano, na jioni yake hakuna ukurasa hata mmoja ulioongezeka.

Kikwazo cha pili, ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kilikuwa wingi wa majibu. Kundi la Zohali lilikuwa na swali lililoonekana jepesi: sayari hiyo ina miezi mingapi? Mtundu mmoja alijibu papo hapo, "Kumi na miwili, kama mwaka." Baada ya zamu mbili wenzake walirudi na majibu manne: 62, 82, 146 na 274. Kitabu cha zamani kilichokuwa kabatini kilisema 18. Wakanitaka niwaambie ukweli ni upi. Mwenzangu akawatangulia kwa swali moja tu: kila jibu liliandikwa lini?

Walirudi kuzikagua kurasa zao wakitafuta tarehe. Wakaona kwamba hakuna aliyekuwa amewadanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 miezi iliyojulikana ilikuwa 18. Mwaka 2019 ilifika 82, mwaka 2023 ikafika 146, na Machi 2025 miezi mipya 128 ilithibitishwa kwa mpigo mmoja, ikawa 274. Zohali haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni darubini za wanadamu na uvumilivu wao wa kuhesabu. Siku hiyohiyo kundi jingine lilieleza kwa nini wazazi wao walifundishwa sayari tisa na wao wanafundishwa nane: mwaka 2006, katika mkutano uliofanyika Prague, wanaastronomia walipiga kura juu ya maana ya neno "sayari", na Pluto ikawekwa katika daraja la sayari kibete. Walifurahi zaidi waliposoma kwamba aliyependekeza jina la Pluto mwaka 1930 alikuwa msichana wa Kiingereza wa miaka 11, Venetia Burney.

Kisha ukaja mtihani wa kujipima, ambao haukutungwa shuleni pale. Mojawapo ya maswali liliuliza idadi ya miezi ya Zohali. Yule msichana wa majina mawili aliandika: "Inategemea mwaka. Mpaka Machi 2025 ni 274." Mwongozo wa usahihishaji ulisema 62, naye akawekewa alama ya kosa. Mwalimu aliyesahihisha hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na mwongozo, na mwongozo ule haukuwa na nafasi ya neno "inategemea". Msichana hakulia wala hakulalamika. Alitufuata ofisini, akaamkia, akauliza: "Mwalimu, mtihani ujao niandike ninachokijua au wanachokitaka?"

Ndugu msomaji, swali hilo lina uzito kuliko alama moja. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na kila mwaka nawapokea vijana waliokwisha kulijibu. Ni vijana wenye akili na adabu, lakini ukiwapa kazi ya utafiti hukuletea jibu la kwanza walilolikuta, bila jina la aliyeliandika wala tarehe. Tunawalaumu kwa uvivu. Mimi naamini ni watiifu tu: kwa miaka mingi walifunzwa kwamba kazi yao ni kubashiri kilichomo kichwani mwa mtahini.

Najua hoja ya upande wa pili. Mtihani wa darasa la saba hufanywa na watahiniwa zaidi ya milioni moja, na hauwezi kusahihishwa kwa haki ikiwa kila jibu litaanza na "inategemea". Hoja hiyo ni ya kweli, lakini tiba yake iko katika utungaji wa swali. Badala ya kuuliza idadi ya miezi, mtahini anaweza kuandika: "Vyanzo viwili vinatoa idadi tofauti za miezi ya Zohali. Toa sababu moja inayoweza kueleza tofauti hiyo." Swali hilo husahihishika kama lingine lolote, halichakai hata miezi mingine 100 ikigunduliwa kesho, na hupima kile hasa ambacho mtaala unadai kukijenga.

Wapo pia wanaosema kwamba kumzoesha mtoto kuhoji ni kumharibia adabu. Wanaosema hivyo wamewasahau babu zetu. Wakulima wa pwani walikitazama Kilimia kikizama na kuzuka, wakapanga kilimo chao kwa kukifuata. Walichodai kilithibitishwa na mvua yenyewe, mwaka baada ya mwaka, na mzee aliyekosea mara nyingi hakuulizwa tena. Hiyo nayo ilikuwa elimu yenye kuhoji.

Wiki ya mwisho niliwaletea watoto ujumbe ambao umekuwa ukizunguka duniani kwa miaka mingi, hasa kila ifikapo Agosti, ukidai kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Chimbuko lake ni tukio la kweli: Agosti 27, 2003, Mirihi ilikuwa karibu na Dunia kuliko ilivyopata kuwa kwa takriban miaka 60,000, umbali wa kilomita zipatazo milioni 56. Watoto walitafuta takwimu wenyewe. Kipenyo cha Mirihi ni karibu mara mbili ya kile cha Mwezi, lakini hata siku hiyo ilikuwa mbali nasi karibu mara 145 ya umbali wa Mwezi. Wakagawanya ubaoni, wakapata kwamba upana wake ungeonekana mdogo kuliko wa Mwezi kwa zaidi ya mara sabini. Kijana wa nyuma akasema kwa utulivu, "Aliyeutuma hakugawanya."

Ujumbe wa Mirihi haumdhuru mtu. Lakini simu zinazoupitisha na makundi ya WhatsApp yanayousambaza ndiyo hayohayo yanayotuletea tiba za uongo wakati wa maradhi na uzushi wakati wa uchaguzi. Watoto hawa watapiga kura baada ya miaka sita. Taifa lisilowafundisha kugawanya kabla ya kutuma litakuwa limewanunulia vishikwambi ili wadanganywe kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo naona kazi tatu, na hakuna hata moja inayongoja bajeti kubwa. Watunga mitihani waanze kuuliza maswali yanayohitaji sababu. Walimu wawatake watoto waandike chanzo na tarehe kando ya kila takwimu, hata wanapoinakili kitabuni. Nasi wa vyuo vikuu, tunaolipwa kwa kodi za wazazi wao, tuandike kwa Kiswahili sanifu kurasa ambazo mtoto wa darasa la sita anaweza kuzisoma na kuzielewa. Mimi nimeanza na Zohali, na juu ya ukurasa nimeandika tarehe.

Ama yule msichana, mwalimu wake alimshauri aendelee kuandika anachokijua, na mwaka pembeni. Ni ushauri mwema, lakini umemwachia mtoto wa miaka kumi na miwili mzigo ambao ulipaswa kubebwa na watu wazima.