Milimita Moja kwa Siku

Msomaji, utazame mkono wako kabla hujaendelea. Chini ya ngozi ya kifundo chake hupita mshipa wa fahamu unaopeleka ubongoni habari za kidole gumba, cha shahada na cha kati. Mimi niliukata mshipa huo katika mkono wa kushoto, kwa panga, nilipokuwa nikivuna miwa, nyumbani kwetu Shieywe, Kakamega.

Daktari aliushona siku ile ile, na jeraha likafunga upesi. Lakini vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Jioni moja nilishika sufuria ya moto. Bibi yangu alinusa harufu ya ngozi kabla mimi sijajua kuwa naungua. Hapo nikafahamu kwamba maumivu ni mlinzi wa mwili, na aliyempoteza hana budi kujilinda kwa macho.

Nilidhani mshipa ulioshonwa huunga kama kamba iliyofungwa fundo. Sivyo. Mwaka 1850 Mwingereza Augustus Waller alionyesha kwamba mshipa ukikatwa, nyuzi zake zilizo ng'ambo ya jeraha hufa. Mwili huondoa mabaki, lakini ala zilizozifunika hubaki kama mifereji mitupu. Nyuzi mpya huchipuka kutoka upande ulio hai, zikatambaa ndani ya mifereji hiyo kadiri ya milimita 1 kwa siku. Sindano huikutanisha mifereji tu. Safari ni ya nyuzi zenyewe.

Toka kifundo hata ncha ya kidole changu ni milimita 180 hivi. Piga hesabu: miezi sita. Kila mwezi niligonga kiganja polepole. Pale nilipohisi mnyweo kama wa sisimizi, nyuzi zilikuwa zimefika. Dalili hiyo ilielezwa na Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915. Katika mwezi wa nane, tukipukuchua mahindi na bibi, kidole cha shahada kilihisi punje. Hisia haikurudi yote. Hata leo sarafu mfukoni siitambui mpaka niitazame.

Subira, basi, si uvivu. Msuli uliokosa mshipa wake hudhoofika, na baada ya mwaka mmoja au miwili waweza kushindwa kuzipokea nyuzi zikifika. Ukijikata na vidole vikafa ganzi, usiridhike kwa kuwa jeraha limefunga. Nenda hospitali upesi; kisha ulinde mkono wako, uzoeze vidole, na uzihesabu milimita.