Kengele za Ngamiani

Basi la Tanga huandamana na mabasi ya Moshi na Arusha mpaka Segera. Pale wenzetu walinyoosha kaskazini, sisi tukakata kulia, tukapita Hale, tukapita Muheza kwenye machungwa ya kumwaga, na huku na huku mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Baiskeli nilianza kuziona baada ya Muheza. Kwanza mbili tatu, zimebeba magunia ya mkaa yaliyompita mwendeshaji kimo, zinakwenda pembeni kabisa mwa lami, tairi moja karibu kwenye majani. Basi likipiga honi, zinashuka kwenye vumbi. Likishapita, zinapanda tena. Tulipofika Pongwe, kwenye kiwanda cha saruji, zilikuwa nyingi kiasi kwamba dereva wetu, aliyekuwa akikimbia vizuri tangu Chalinze, alikunja uso.

Kituo cha mabasi cha Kange kiko nje ya mji. Nilipokuwa nasubiri mzigo wangu nilimwona mzee wa kanzu na kofia amekuja kumpokea mgeni wake. Alililaza sanduku kwenye karia ya baiskeli, akalifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu, wakaondoka wawili kwa miguu, mmoja anasukuma, mwingine anasimulia habari za safari. Mgeni kama huyo Dar es Salaam angekuwa ameshazungukwa na bodaboda kabla mguu haujagusa chini. Kange nako wapo, na wanaita kwa nguvu. Ila waliitazama ile baiskeli, wakajua hapo hakuna biashara, wakageukia watu wengine.

Mji wenyewe ni tambarare, na hilo peke yake linaeleza mengi. Kutoka Raskazone kwenye upepo wa bahari hadi Makorora hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, ya kwanza katika nchi hii, inaupasua mji: upande wa bahari kuna bandari, mabenki, mnara wa saa na majumba ya zamani yenye roshani zilizochoka, upande wa pili kuna Ngamiani. Huku barabara hazikupewa majina ya mashujaa, zilipewa namba. Ziko barabara ishirini na moja, zimenyooka, na njia nyingine zinazikata kwa mapana, hivyo kila baada ya nyumba chache unakuta njia panda. Mtu akikuelekeza kwake anakwambia barabara ya nane, nyumba ya pili kutoka msikitini, na ukipotea ni kwa kutaka.

Kaa kwenye baraza yoyote ya Ngamiani saa moja asubuhi utazame. Watoto wa shule wanapita wawili wawili, mmoja anakanyaga pedeli, mwingine amekaa kwenye karia na mikoba yote miwili. Muuza samaki ametoka Deep Sea na tenga lake linachuruzika maji. Muuza mikate ana sanduku la mbao nyuma, amelifunika kwa nailoni. Muuza madafu amening'iniza mashada kila upande, ukimwona kutoka nyuma hujui kama kuna mtu. Na wapo kina mama, ndio walionishangaza zaidi. Mwanamke wa baibui, upindo ameukusanya kwa mkono mmoja, kikapu mbele, mtoto nyuma, anapita taratibu na hakuna anayegeuka kumtazama. Mwalimu naye anapita kwa baiskeli, na karani, na shehe.

Kwetu Dar es Salaam baiskeli ni ya mtu ambaye bado hajajaliwa. Ni ya mlinzi anayerudi Mbagala alfajiri, ni ya muuza kahawa. Mtu akipata kazi ya ofisini huiweka uvunguni, au humpa mdogo wake kijijini. Ndiyo maana, nadhani, dereva wa Dar humpita mwendesha baiskeli kama anavyopita nguzo ya umeme: anajua ipo, lakini haimhusu. Tanga dereva anayeshika usukani leo ana baiskeli nyumbani, au mkewe anayo, na yule anayekatiza mbele yake huenda ni mwalimu wa mwanawe.

Wenyeji wana maelezo yao. Nilikaa kwa fundi baiskeli mmoja chini ya mwembe, mbele yake beseni la maji ya kutafutia pancha na kopo la gundi, nikamuuliza mbona magari hapa yana subira. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, hapa watu wana ustaarabu. Utamgonga nani? Kila mtu ni mtu wa mtu."

Aliniambia pia kuwa baiskeli ziliingia kwa wingi zamani za mkonge, mtu alipopata ujira wa kukata katani na kununua Raleigh. Baadaye zikaja Swala, zilizoundwa Dar es Salaam na shirika la umma, nzito kama mlango wa chuma lakini hazifi. Alinionyesha moja ambayo bado inatembea, ina dainamo yake na taa yake mbele. Siku hizi, akasema, vijana wanazinunua kutoka China bila taa, na kengele wanazing'oa kwa sababu zinapiga kelele kwenye mashimo.

Nilimheshimu mzee, lakini habari ya ustaarabu sikuimeza yote. Watu wastaarabu wapo Kariakoo pia, na ukiwaweka kwenye usukani pale Msimbazi saa kumi na moja jioni hutawatambua. Nilizunguka Ngamiani nikiangalia miguu ya madereva badala ya nyuso zao, na nilichoona ni kwamba gari humu ndani haliwezi kukimbia hata likitaka. Dereva akibadilisha gia, njia panda imefika. Hakuna mataa. Anapunguza, anachungulia, baiskeli mbili zinapita, mama mwenye ndoo anapita, ndipo naye apite. Wapimaji wa Kijerumani waliokata mistari hii ya barabara hawakuwa wanamfikiria mwenda kwa miguu wa Kiswahili, walitaka mji wa kuusimamia kwa urahisi. Lakini wajukuu wa waliosimamiwa ndio wanaofaidi.

Ushahidi wangu uko Kange. Dereva yule yule wa daladala aliyevumilia njia panda zote za Ngamiani, akishaingia barabara kuu hubadilika. Barabara inanyooka, lami pana, na kutanua kunaanza. Anayetembea pembeni na anayekanyaga pedeli pembeni wote wanaambiwa kwa honi kwamba pembeni nako si kwao. Hapo hakuna tena mtu wa mtu. Na juu yake kuna wale wasiokuwa wa Tanga kabisa: malori ya saruji, malori yanayofuata bandari, ambayo imepanuliwa na gati zake kuongezewa kina mpaka mita 13, na magari yanayovuka kwenda Horohoro na Mombasa. Watu wa Tanga wana msemo wao wa siku nyingi kuhusu mji wao, waja leo waondoka leo, na huusema kwa fahari, maana mgeni huja akidhani ataondoka siku hiyo hiyo, akanogewa. Kwa barabara kuu msemo huo una sura nyingine. Dereva aliyekuja leo na atakayeondoka leo hana sababu ya kumjua mtu.

Sitaki msomaji adhani ndani ya mji kuna amani tupu. Bibi mmoja wa barabara ya kumi na mbili, aliyekuwa akikaanga bajia barazani, alinieleza kwamba yeye haogopi gari wala pikipiki, anaogopa baiskeli.

"Pikipiki utaisikia tangu iko kona. Baiskeli hiyo, mwanangu, unashtukia imeshakupanda kisigino."

Ana haki. Usiku Ngamiani ina sehemu za giza, na baiskeli isiyo na taa wala kengele inakwenda kimya upande wowote inaotaka, wa kushoto ulio halali au wa kulia uliofupisha safari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua mwendesha baiskeli kama mtumiaji wa barabara mwenye wajibu wake. Katika kuzunguka kwangu sikumwona trafiki akimsimamisha yeyote mwenye baiskeli kwa kukosa taa. Wazee wanaosukuma mikokoteni bado hutangulia na sauti, "Simile! Simile!", na watu wanapisha bila kinyongo. Kijana wa baiskeli mpya hupiga mluzi, na mluzi huo hausemi yuko upande gani.

Njia ya waenda kwa miguu ni habari nyingine, na hapa Tanga na Dar hazikupishana sana. Ngamiani mbele ya nyumba kuna baraza, mbele ya baraza kuna mtaro, na baada ya mtaro ni barabara moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anatembea barabarani, kwa kuwa hakuna pengine. Upande wa mjini, karibu na soko na stendi ya daladala, njia za miguu zipo, lakini juu yake kuna viatu vya mtumba, kuna muuza vocha na mwavuli wake, kuna bajaji imesimama inasubiri abiria. Kwetu ni vivyo hivyo, ila kwa ukubwa. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro ulikuja na njia safi za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, ndefu, zimejengwa kwa makusudi. Nenda Manzese leo. Baiskeli utaziona chache. Bodaboda utaziona nyingi, zinakwepa foleni juu ya njia ya miguu, na mtu mwenye mtoto ndiye anayeruka pembeni. Tulipewa nafasi kabla hatujawa na waendesha baiskeli wa kuitetea. Tanga wana waendesha baiskeli, nafasi ndiyo hawajapewa.

Bodaboda wamefika huku pia, na ndio wanaobadilisha mambo upesi kuliko lori lolote. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zilihalalisha biashara hiyo nchi nzima, na kijana wa Tanga ambaye baba yake alianza maisha kwa baiskeli sasa anaanza kwa pikipiki ya mkataba. Ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni. Hesabu hiyo haisubiri njia panda. Ukikaa kwenye ile baraza niliyoitaja utaona tofauti: baiskeli, gari na bajaji zinachungulia, pikipiki inapita katikati yao. Simlaumu sana kijana; anayepanga kiwango cha hesabu ya siku ndiye anayepanga mwendo.

Nilishuka pia Pangani. Mtoni, watu wa kwenda Bweni hupanda pantoni, na pantoni ni mahali pazuri pa kutazama haya. Gari linapanda, bodaboda zinajipenyeza ubavuni, mwenye baiskeli anaegemeza yake kwenye bodi ya gari la mtu bila kuomba, mama anaweka kapu la samaki mbele ya bampa. Hakuna honi. Injini zote zimezimwa, na tajiri wa gari jipya anazungumza na muuza nazi kuhusu bei ya nazi. Nilipopita, daraja lilikuwa likijengwa, sehemu ya barabara ya lami itakayoiunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia Saadani. Watu wa Pangani wanaisubiri kwa hamu, na wana haki, maana wamekwama na mto huo miaka mingi, mgonjwa akisubiri pantoni ng'ambo. Mimi swali langu lilikuwa dogo: lami hiyo ikishanyooka, muuza nazi atapita wapi? Kijana mmoja mwenye baiskeli alinijibu kwamba atapita pembeni. Nikamuuliza pembeni ipi. Akacheka.

Kwa hiyo nawaomba watu wa TANROADS na wa TARURA, wanapoipanua lami ya Tanga, wasiihesabu baiskeli kama kitu kitakachoondoka chenyewe siku watu wakitajirika. Waiachie njia yake kutoka Pongwe hadi Kange, na waendelee nayo hadi mtoni Pangani, iliyotengwa kwa kingo na si kwa rangi peke yake, kwa sababu rangi tumeijaribu Dar na bodaboda hawaioni. Ndani ya Ngamiani wasipanue kitu. Taa za barabarani zinatosha. Wewe msomaji, ukiingia Tanga na gari lako, kumbuka kwamba mwisho wa mwendo ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa hata pale ambapo trafiki hana tochi, na kwamba kwenye njia panda za barabara zile ishirini na moja, hata hizo 50 ni nyingi mno.