Gitaa la bidoni na mluzi wa Scorpions

Wiki hii sitaanza na hali ya barabara wala bei ya unga sokoni. Nataka kuongea muziki, tena muziki wa roki, ule wa magitaa ya umeme na wanaume wenye nywele ndefu. Najua wengine watasema mwandishi wenu amekosa habari. Habari ipo, nitaifikia.

Nilikulia Bukavu, mtaa wa Kadutu, miaka ya 1980. Nchi iliitwa Zaire, na muziki wa nchi ulitoka Kinshasa: Franco na OK Jazz, Zaïko Langa Langa, Papa Wemba, Empire Bakuba ya Pépé Kallé. Kwenye arusi ni huo, kwenye baa ni huo. Hatukuuchukia hata kidogo. Lakini sisi vijana wa sekondari tulikuwa na muziki mwingine, wa usiku, ambao wazazi hawakuuelewa, na hiyo ilikuwa nusu ya utamu wake.

Muziki huo ulitoka hewani, kwenye mawimbi mafupi. Africa Numéro 1 ilianza kutangaza kutoka Gabon mwaka 1981, na usiku ilitufikia kana kwamba Libreville iko ng'ambo ya ziwa. Deutsche Welle nayo ilikuwa na mitambo yake Kigali tangu miaka ya 1960, ikaja kufungwa mwaka 2015. Ndiyo maana kwetu Kivu sauti kutoka Ujerumani ilisikika safi, wakati ile ya Kinshasa, mji mkuu wetu wenyewe, ilikuwa inakwaruza.

Katika avenyu yetu redio za kaseti zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja, ilifunikwa kitambaa cha kufuma na mtoto hakuruhusiwa hata kuipumulia. Ya pili ilikuwa ya dereva wa lori aliyekuwa akienda Bujumbura na kurudi. Sote tulimwita Yaya. Mdogo wake alikuwa rafiki yangu wa darasani, na Yaya akisafiri, redio ilikuwa yetu. Nasema yetu kwa sababu betri tulichanga. Huyu analeta moja, yule analeta moja, mpaka sita zinatimia. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, na jioni zilitupa nusu saa nyingine. Aliyeleta betri alikaa karibu. Ambaye hakuleta alikaa mlangoni, lakini hakufukuzwa.

Tulirekodi nyimbo kutoka hewani. Ilibidi kidole kiwe tayari kwenye kitufe, maana mtangazaji hakungoja mtu. Mpaka leo nikisikia wimbo mmoja wa Dire Straits, nafika katikati na kungojea sauti ya yule bwana aliyeingia kutaja saa za Libreville. Kwenye kaseti yetu ndivyo wimbo ulivyokuwa, na ukipigwa mzima naona kama umepungukiwa kitu. Utepe ukitafunwa na redio, tuliurudisha kwa kalamu ya Bic. Ukikatika, tuliunga kwa gundi ya karatasi, na wimbo ukaruka maneno mawili matatu. Haikutusumbua, maneno yenyewe hatukuyajua.

Hilo nalisema bila haya. Kiingereza chetu kilikuwa cha kutafuna. Scorpions walipotoa «Still Loving You» mwaka 1984 tuliimba wote, kila mtu na maneno yake, na mwalimu wetu wa Kiingereza alipotusikia alicheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo wimbo wenyewe tuliuelewa. Gitaa linaanza polepole kama mtu anayeomba msamaha, halafu linapandisha sauti kama mtu aliyenyimwa msamaha huo. Kwenye sherehe za kumaliza mwaka wa shule ndio wimbo uliopigwa wakati wa slow. Mtu alizima taa, mama wa nyumba akaiwasha, ikazimwa tena. Mama alishinda kila mara.

Makanisani walituonya. Mchungaji mmoja alifundisha kwamba ukizungusha kaseti ya roki kinyumenyume utamsikia shetani akisema. Tulijaribu, tena kwa bidii, kwa kutumia ile Bic. Tulichosikia ni kaseti kukatika.

Kisha akaja Johnny Clegg. Huyu alikuwa Mzungu wa Afrika ya Kusini aliyeimba Kizulu na kucheza ngoma za Wazulu huku magitaa ya roki yakilia nyuma. Mwaka 1987 alitoa «Asimbonanga», wimbo wa Mandela aliyekuwa bado gerezani. Hapo ndipo wazazi walisogea karibu na redio kwa mara ya kwanza. Mama yangu, ambaye ni Mushi, alisikia lile «bona» ndani ya jina la wimbo akasema: huyu anatafuta mtu. Kwa Mashi kuona ni kubona, kwa Kinyarwanda vilevile, na kwa Kizulu vilevile. Jina hilo maana yake ni kwamba hatujamwona. Mama hakuwa amesoma, na hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Mandela alitoka tarehe 11 Februari 1990. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Aprili, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na sauti yake ikakatika kwa machozi. Wenye umri wangu mnakumbuka mlipokuwa siku ile. Mwaka uliofuata ukafika wimbo wa Scorpions wenye mluzi, «Wind of Change», ambao mwimbaji wao aliutunga baada ya bendi kupiga Moscow mwaka 1989. Yeye alikuwa akiwaza ukuta wa Berlin na Warusi. Sisi tulikuwa tukiwaza Mkutano mkuu wa taifa uliofunguliwa Kinshasa mwezi wa Agosti 1991. Kwetu upepo wa mabadiliko haukuwa methali. Tuliamini kweli kwamba unakuja, kwamba tutamaliza shule na kupata kazi, na barabara ya Bukavu kwenda Kisangani itatengenezwa.

Septemba ya mwaka huohuo askari walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea miji mingine. Pesa ikawa makaratasi. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni tano. Betri za redio zikawa mali ya watu wakubwa.

Hapo ndipo tulipoanza kupiga wenyewe. Tulikuwa watano. Gitaa lilikuwa bidoni ya mafuta iliyopigiliwa mti, na nyuzi zake zilikuwa waya wa breki za baiskeli uliofumuliwa uzi mmoja mmoja. Anayejua anajua: waya mmoja wa breki unatoa nyuzi nyingi, nyembamba na ngumu, na zinakata vidole mpaka ngozi izoee. Ngoma ilikuwa katoni na sufuria. Roki yetu kusema kweli ilikuwa mchanganyiko. Ilianza kama Scorpions, na ikifika katikati vidole vyenyewe viliingia sebene kama vya Zaïko. Watu wa avenyu walikuja kwa sababu ya hiyo sehemu ya pili, nasi tukajifanya hatujui.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa mjini mpaka kwenye uwanja wa shule yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu, siku zile alizouawa Askofu mkuu Munzihirwa. Sote tukatoka kwa miguu. Redio ya Yaya ilibaki mezani, na kaseti zote ndani ya sanduku la viatu.

Usiku wa pili tulilala katika darasa la shule moja upande wa Walungu, familia nyingi chumba kimoja. Watoto walilia bila kunyamaza. Mdogo wake Yaya alikuwa kando yangu, akaanza kupiga ule mluzi wa Scorpions, kwa sauti ya chini sana, karibu pumzi tu. Mama mmoja akamkemea: mtoto gani huyu asiye na akili, watu wamekufa na yeye anapiga mluzi? Mama mwingine akajibu gizani: muache, dada, wangu amelala. Akaendelea. Nadhani alipiga mluzi karibu saa nzima. Asubuhi tulifika njia panda, familia yao wakachukua njia ya msituni, sisi tukabaki kwa ndugu zetu. Wale watatu wengine najua walipo: mmoja yuko kambi ya Nakivale kule Uganda, mmoja alipelekwa Marekani, mmoja tulimzika mwaka 2004. Yeye sijamwona tena.

Sasa habari niliyowaahidi.

Kuna mahali familia zilizokimbia vijiji vyao zimekusanyika, sitapataja jina kwa usalama wao. Mnamo wiki mbili zilizopita nilikwenda kuuliza habari za maji. Nilikuta ugomvi, lakini haukuwa wa maji. Vijana sita wametengeneza magitaa mawili ya bidoni. Simu wanazo, nyingine zina nyimbo mamia kwenye kadi, lakini kuchaji ni kulipa, na mtu mwenye simu anasikiliza peke yake na kamba zake masikioni. Wao wanataka kupiga pamoja jioni. Kamati imekataza.

Msidhani kamati ni watu wabaya. Mzee aliyekataza ana sababu, na alinieleza bila hasira: «Wiki hii tumezika mtoto. Kuna watu hapa hawajui kama waume zao wako hai. Hatujalia matanga yetu vizuri, na hawa wanataka kucheza?» Sikuwa na jibu la haraka. Kwetu mtu hapigi ngoma kwenye nyumba ya msiba wa jirani, na pale kila turubai lina msiba wake. Vijana nao walisimama pembeni wakitazama chini, kwa heshima. Mmoja wao, labda wa miaka 16, aliniuliza: «Papa, nyinyi wakati wenu mlikuwa mnangoja matanga yaishe?»

Niliwasimulia wote habari ya usiku ule wa darasani. Mzee alisikiliza, akasema mluzi si gitaa. Ni kweli. Nikaomba basi wapige wimbo mmoja tu, yeye mwenyewe ausikie, halafu aamue.

Nilidhani watapiga nyimbo za dini, au hizi za sasa za simu. Walipiga kitu chao. Mpigaji wa kwanza alikuwa anakwangua nyuzi kwa nguvu, kwa hasira hasa, na kama angekuwa na umeme nyuma yake ningesema huyu kijana ni wa roki ingawa Scorpions hajawasikia maishani. Maneno yalikuwa majina ya vijiji walivyoacha, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wa barabara, kuanzia mbali kuja karibu. Hawakuongeza neno lingine. Wamama waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha kuongea. Kijiji cha mtu kikitajwa, ulisikia «eeh!» upande ule.

Mzee aliinua mkono wakanyamaza. Nikafikiri ameudhika. Akasema: «Mmeruka kimoja. Kati ya sokoni na daraja kuna kijiji, mama yangu ametoka pale.» Wakarudia wakakiweka. Kikawa hakikai vizuri, jina ni refu, na mzee mwenyewe akawaonyesha pa kulikata.

Kwa maoni yangu, na haya ni yangu si ya kituo chetu, wale vijana hawajavunja matanga ya mtu. Wimbo ule ulitaja vijiji ambavyo sisi waandishi hatuvitaji tena, kwa sababu hakuna anayetoka huko kutupa habari. Nyimbo zetu sisi hatukuzielewa maneno. Wao wanaelewa kila neno, na sijui kama hiyo ni afadhali.

Kamati ilikaa siku iliyofuata. Imeamua hivi: vijana wanaruhusiwa Jumamosi, kuanzia saa tisa mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kando ya matangi ya maji, mbali na mahali pa wagonjwa. Siku ya kuzika hakuna kupiga, hata ikiwa Jumamosi. Wimbo wa vijiji ndio wa kwanza kila mara, na mwenye kijiji kilichosahauliwa anaruhusiwa kuwasimamisha. Wakati naandika, majina yamefika 31.

Nyuzi zao zimeanza kukatika. Fundi wa baiskeli, dereva wa chukudu, au mtu yeyote mwenye waya wa breki uliochakaa asiutupe. Auache kwenye ofisi yetu ya matangazo, mimi mwenyewe nitaufikisha. Hata kipande cha mita moja kinatosha.