Hina, Blichi na Daftari la Nywele

Ndugu na jamaa mlioko Maskati, Dubai, London, Toronto na kwingineko,

Watu watatu wa ukoo wetu wameniuliza swali moja kwa nyakati mbalimbali: wajukuu wanataka kuzing'arisha nywele zao nyeusi wakiwa nyumbani, kisha wazitie rangi kali ya waridi, ya zambarau au ya samawati, jee, tuwakataze? Nimeona afadhali nijibu kwa maandishi, kwani jambo hilo lilitufika hapa Laurel, Maryland, majira ya joto yaliyopita, na nililifuatilia hatua kwa hatua. Mjukuu wangu ana miaka 19. Alitaka rangi ya feruzi.

Nianze na linalowatia wazee hofu kwanza, nalo ni dini. Kutia nywele rangi si jambo geni kwetu. Tulisoma chuoni habari ya Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) siku ya kufunguliwa Makka, kichwa na ndevu zake zikiwa nyeupe pepe. Mtume akaamuru weupe ule ubadilishwe, ila waiepuke rangi nyeusi. Habari hiyo imo katika Sahihi Muslim. Sayyidna Abubakar mwenyewe alikuwa akipaka hina iliyochanganywa na katam, mmea unaoikoleza rangi ikaelekea weusi. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi huirejea kauli yake, alishikilia kuwa rangi nyeusi ni haramu. Wanazuoni wengine walilegeza. Mjadala wa wazee wetu basi ulikuwa juu ya nyeusi, ile inayoficha umri wa mtu. Ama rangi kali za leo, mwenye shaka na amuulize shekhe wa mji wake. Mimi ni karani mstaafu, si mufti. Suala la udhu lina jibu jepesi: rangi isiyoacha ganda juu ya unywele haizuii maji, kama hina isivyozuia.

Utotoni mwangu, Malindi ya Unguja, hina ilikuwa kazi ya nyumbani. Majani makavu ya mhina yalitwangwa, yakachekechwa kwa kitambaa, yakakandwa kwa maji na ndimu, kisha yakaachwa usiku kucha. Asubuhi wanawake wazima walipakana kichwani na kufungana vitambaa, na jioni mvi zao zilitoka nyekundu kama kaa la moto. Hakuna aliyeambiwa kwamba anaiga Wazungu.

Hata hivyo, asidanganyike mtu kwamba blichi ni hina ya kisasa. Hina huongeza. Chembe yake ya rangi, lawsoni, hushikamana na keratini, ambayo ndiyo mwili wa unywele, na rangi ya asili hubakia chini yake. Blichi huondoa. Unga wake huchanganywa na haidrojeni peroksaidi, kemikali aliyoigundua Mfaransa Thénard mwaka 1818. Mchanganyiko huo hufumua magamba ya unywele, ukapenya ndani na kuivunja melanini, rangi aliyozaliwa nayo mtu. Chupa za peroksaidi huandikwa namba: 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Kilichovunjwa hakirudi mpaka nywele mpya ziote.

Wala unywele mweusi hauwi mweupe kwa mruko mmoja. Hupita katika kahawia nyekundu, kisha chungwa, kisha manjano ya kiini cha yai, hata ufike manjano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Feruzi hukaa vyema juu ya hatua hii ya mwisho pekee. Nilipoiona hatua ya kwanza katika nywele za mjukuu wangu, niliona wekundu ule ule wa vichwa vya bibi zetu. Ulikuwemo ndani ya nywele nyeusi siku zote, umefunikwa tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nywele za kichwani hurefuka takriban sentimita moja na robo kwa mwezi, yaani kama sentimita 15 kwa mwaka. Za mjukuu wangu zilikuwa na urefu wa sentimita 45. Nimefanya kazi ya majalada maisha yangu yote, na sikuweza kuzitazama ila kama daftari la miaka 3: ukurasa mpya uko penye ngozi, wa zamani uko nchani, na kila kilichopakwa kimeandikwa mahali pake. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, katika miaka hii 3 kichwa chako kimepakwa nini?" Akasema hakijapakwa kitu. Mama yake, aliyekuwa jikoni, akakumbusha: kabla ya arusi ya mwaka juzi walipakwa hina nyeusi, ya pakiti iliyoletwa na jamaa kutoka sokoni huko Ghuba. Mtoto hakuihesabu, kwa sababu kwake hina ni mila na rangi ni ya dukani.

Pakiti moja ilikuwa bado kabatini. Niliisoma kwa miwani mbele na nyuma. Iliandikwa kwamba ni ya asili, haikuandikwa kilichomo.

Ndugu zangu, hina safi ni nyekundu. Hakuna hina nyeusi inayotoka kwenye mhina peke yake. Anayeuza hina nyeusi ameichanganya na kitu, na vitu hivyo ni vya aina mbili au tatu. Huenda ikawa nili, ambayo ni mmea na haina madhara makubwa, ijapokuwa ikipigwa blichi huweza kuacha ukijani. Huenda zikawa chumvi za madini, kama za shaba, fedha au risasi. Risasi ilikuwamo hata katika rangi za nywele zilizouzwa Marekani, hadi Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, ilipoamua mwaka 2018 kuiondolea ruhusa. Chumvi hizo zikikutana na peroksaidi huzusha joto kali, na nywele huungua zikiwa kichwani. Au huenda ikawa kemikali iitwayo PPD, nayo nitairejea.

Kwa hiyo tulifanya jaribio wanalofundishwa watengeneza nywele. Mjukuu alikata vishungi viwili vyembamba kutoka nyuma ya shingo, kimoja cha juu kilichoota baada ya arusi ile, na kimoja cha nchani. Akamimina peroksaidi ya namba 20 katika bilauri mbili za kioo, si za chuma, akatia matone ya amonia, akavitumbukiza na kusubiri nusu saa, dirisha likiwa wazi. Kishungi cha juu kilitulia, kikapauka kidogo. Cha nchani kilitoa povu kabla ya dakika 5, bilauri ikapata joto mkononi mwangu, na tulipokitoa kilivutika kama utomvu wa fenesi, kikakatika.

Lau angepaka blichi kichwa kizima usiku ule, kama alivyokusudia, tungekuwa na habari nyingine.

Akawa na njia mbili: kungoja miaka, au kukata sentimita zaidi ya 20 zilizopakwa hina ile. Alifikiri siku 4. Siku ya tano alizikata, zikaishia mabegani.

Kazi yenyewe aliifanya hivi, nami naieleza kwa manufaa ya wajukuu wengine. Siku 2 kabla alijaribu kila dawa nyuma ya sikio na kusubiri saa 48. Hakuosha nywele siku iliyotangulia, ili mafuta ya asili yailinde ngozi. Alivaa glavu, akatumia bakuli la plastiki, akachagua peroksaidi ya namba 20 japokuwa rafiki zake walimshauri ya 40. Alianzia katikati ya nywele, akaacha sehemu ya karibu na ngozi mpaka mwisho, kwani joto la kichwa huharakisha kazi pale. Alikagua kila baada ya dakika chache na hakuzidisha muda ulioandikwa. Raundi ya kwanza ilimfikisha kwenye chungwa. Akapumzisha nywele wiki 2 kwa mafuta ya nazi, ndipo akarudia na kufika kwenye manjano. Rangi ya feruzi yenyewe ndiyo iliyokuwa nyepesi: haina peroksaidi, hukaa juu ya unywele na hufifia kwa kuoshwa. Kwa kuwa manjano yalibakia kidogo, buluu ilielekea ukijani, kama maji machache ya pwani juu ya mchanga. Aliridhika.

Sasa PPD. Hii ndiyo kemikali inayotia weusi katika rangi nyingi za kudumu za nywele, na ndiyo iliyomo katika piko, ile nyeusi wanayochorwa maharusi wetu mikononi na miguuni. Kila mmoja wetu anamjua bi arusi au mpambe aliyetoka malengelenge kwa piko, na desturi yetu ni kumpaka mafuta na kusema ni jicho. Si jicho. Mwili uliokwisha kuikataa PPD aghalabu huikataa maisha yote, na siku mtu huyo atakapopaka rangi nyeusi kichwani, uso unaweza kuvimba mpaka macho yafumbe, hata pumzi ikabana. FDA, yenye maabara hapa hapa Laurel, barabara ya Muirkirk, imeiruhusu hina kuwa rangi ya nywele tu, si ya kupaka ngozini. Na rangi yoyote ya nywele isipakwe kamwe kwenye nyusi wala kope: katika miaka ya 1930 dawa ya kope yenye kemikali hii iliwapofua wanawake nchini humu, na mkasa huo ulichangia kupatikana sheria ya vipodozi ya mwaka 1938.

Picha za mjukuu zilipofika Maskati, dada yangu mkubwa alinipigia simu. Nilitarajia alalamikie feruzi. Hakuitaja. Alisema, "Mmezikata nywele za singa zile? Zilikuwa za mama yetu." Akalia, nami nikamwacha alie, kwa kuwa mama hatukumzika sote.

Lakini neno lile, singa, lilinikaa. Nyumba yetu ilizipima nywele. Msichana wa singa alisifiwa mbele ya wageni. Wa kipilipili alifungwa kitambaa mapema na kusifiwa upishi wake. Babu yetu alikuwa na dada kwa baba, ambaye mama yake alikuwa suria kutoka bara. Sheria ya 1897 ya kufuta utumwa Unguja haikuwagusa masuria, wakangoja hadi 1909. Kisheria bibi yule alikuwa huru na mrithi kama nduguze, ila sikumbuki kuona nywele zake hata mara moja, wala kusikia mtu akizitaja kuwa urithi. Leo wajukuu wetu wengi wana nywele zake. Hapa Maryland, tangu mwaka 2020 sheria inakataza kumbagua mtu kwa umbile la nywele zake kazini. Nyumbani mwetu hatukuwa na sheria hiyo. Nilimwambia dada yangu haya, kwa adabu anayostahili mkubwa wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza jina la mama wa bibi yule. Hakuna kati yetu anayelijua.

Jibu langu kwa walioniuliza ni hili. Msiwakataze bila kuwaeleza. Kaeni nao, mwahesabie kila kilichopita vichwani mwao tangu utotoni: hina ipi, pakiti ya nani, piko la arusi gani, nani alitoka malengelenge. Wao hawakumbuki, au hawajui kwamba mambo hayo yanahesabika. Mtoto mwenye pumu asishike unga wa blichi kabla ya kumwona daktari, kwani huweza kuichochea.

Nina ombi pia. Nimefungua ukurasa katika daftari la ukoo, nikiandika majina ya jamaa waliodhurika kwa piko au rangi, ili watoto wao wajihadhari. Mpaka sasa ni 6. Mwenye jina zaidi aniletee. Na mwenye kulijua jina la yule mama aliyetoka bara, hata la utani, naye aniletee, nimemwachia mstari.

Wabillahi tawfiq.