Saa Yenye Mshale wa Sekunde

Binti wa kaka yangu aliomba nafasi ya kusomea uuguzi akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya jiko la nyanya yake huko Njoro. Ilikuwa 2024. Aliingia kwa simu kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, akajaza namba yake ya mtihani, akalipa Sh1,500 kwa M-Pesa, kisha akachagua matawi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba: Nakuru kwanza, halafu Nyahururu, halafu Kabarnet. Alipomaliza, maziwa yaliyokuwa mekoni yalikuwa bado hayajachemka.

"Nimetuma, Shangazi," akasema, akarudi kukata sukuma wiki.

Nilibaki nimesimama pale mlangoni. Mimi shughuli hiyo hiyo ilinichukua zaidi ya miaka miwili na mtamba mmoja.

Nilifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mara ya kwanza 2006, nikapata C. Alama hiyo ilitosha, lakini Biolojia ilikuwa C-, na stashahada ya uuguzi na afya ya jamii hutaka C kamili katika Biolojia. Mama hakunikaripia. Alisema tu, "Utarudia," akaenda kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu karo. Nikavaa sare tena mwaka wa 2007, nikaketi na wasichana walioniita dada, nikasoma moyo na figo hadi nikaviota.

Mtihani uliisha Novemba. Uchaguzi ukaja Desemba, ghasia zikafuata, na Januari 2008 Nakuru ikajaa watu waliokimbia makwao: kutoka Molo, Kuresoi, Burnt Forest na mitaa ya mji wenyewe. Wengi walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, wengine uwanja wa Afraha. Kanisa letu lilipeleka uji, na mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliobeba ndoo. Siku ya pili au ya tatu niliona foleni ya kina mama mbele ya hema, nikasogea.

Ndani alikuwa muuguzi wa makamo, mikono ya sweta imekunjwa hadi kwenye viwiko. Alikuwa amempakata mtoto wa miezi minane hivi. Alimfunua kifua, akaangalia huku na huku, akaniona. Alivua saa yake akanipa. "Shika. Mshale ukirudi hapa juu, uniambie."

Nilishika. Ilikuwa saa ndogo ya kike, mkanda wake umeshonwa kwa uzi, na mshale mwekundu wa sekunde ulitembea kwa kurukaruka. Yeye hakuniangalia tena. Macho yake yalikuwa kwenye mbavu za mtoto, pale ngozi ilipobonyea kila alipovuta pumzi, na midomo yake ilihesabu bila sauti. Kelele zote za kambi zilikuwa nje ya turubai lile, lakini kwa dakika hiyo moja mimi sikusikia hata moja. Nikasema, "Imefika."

"Hamsini na nane," akasema. Kisha, kama mtu anayemfundisha mwanawe kupika: "Mtoto wa umri huu akigonga hamsini, usimwache aondoke. Hiyo ni nimonia." Akaandika kwenye kipande cha karatasi, akanipa nikamsindikize mama kwenye hema la dawa.

Nilirudi kila siku hadi kambi ilipoanza kupungua. Nilisafisha vidonda vya watu ambao, mwezi mmoja kabla, wangeogopa kuniambia jina lao la ukoo, na mimi langu. Kwangu hilo ndilo lililokuwa darasa la kwanza, na hakuna fomu iliyowahi kuniuliza juu yake.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na C+, na Biolojia B-. Hapo ndipo alipotokea mtu mmoja. Alikuja na kabrasha la ngozi, akanywa chai yetu, akamwambia Mama kwamba alama si kitu, nafasi ni watu, na kwamba anawajua watu. Alitaka elfu thelathini. Mama aliuza mtamba. Mtu yule alituonyesha barua yenye muhuri, akasema tusubiri simu. Tulisubiri mpaka mvua za masika zikaisha. Namba yake ilipoacha kupatikana, Mama alikaa kwenye kigoda akitazama zizi, na sikuwahi kumsikia akimtaja tena.

Kwa hiyo watu wanaponiambia kwamba siku hizi mambo ya simu yamepoteza utu, mimi nakumbuka kabrasha lile. Matapeli bado wapo, najua, lakini msichana wa leo anaweza kuona mwenyewe vigezo na vyuo, na jibu likija linakuja kwake. Mama yangu hakuwa na njia ya kujua kwamba nafasi haiuzwi. Mtandao huu ungekuwepo wakati ule, mtamba wetu angezaa.

Mwaka uliofuata nilifanya mwenyewe. Tangazo nililikata kwenye gazeti la jirani. Nilijaza fomu kwa herufi kubwa, nikapiga picha ndogo nne kwenye studio, nikalipa benki na kubandika stakabadhi, nikaenda kwa wakili anigongee mihuri kwenye nakala za vyeti. Jibu lilikuja kupitia sanduku la posta la kanisa, na lilitangazwa baada ya ibada, kabla sijaigusa bahasha. Harambee ilifanyika hapo hapo. Mzee mmoja alitoa jogoo, akanadiwa mara tatu.

Septemba 2009 nikaripoti, nikiwa na godoro, viatu vyeusi visivyo na kisigino, fomu ya daktari na picha ya eksirei ya kifua. Nilikuwa pia nimenunua saa kwa mchuuzi karibu na steji ya matatu. Nilimfanya anifungulie tano, moja baada ya nyingine, hadi nikapata yenye mshale wa sekunde unaoonekana vizuri.

Mama aliamini kwamba nikimaliza serikali ingenipangia kituo, kama ilivyokuwa kwa wauguzi wa rika lake. Lakini mpango huo wa kuajiriwa moja kwa moja ulikuwa umekwisha tangu miaka ya tisini. Kozi yangu ilichukua miaka mitatu na nusu. Nilipomaliza, 2013, ndipo afya ilipokuwa ikihamia kwa kaunti, na hakuna aliyeonekana kujua barua ya maombi ipelekwe ofisi gani. Nilifanya kazi za mkataba, miezi sita hapa, mwaka pale. Mwaka 2017 wauguzi wa umma tuligoma miezi mitano. Sitaki kuuandika sana mgomo ule. Nilikuwa upande wa waliogoma, na nilijua kwa majina baadhi ya kina mama waliokuwa wakisubiri kujifungua.

Binti wa kaka yangu anaijua historia hii yote, ndiyo maana mipango yake si kama yangu. Ameshaniambia: amalize, asajiliwe na Baraza la Wauguzi, afanye miaka miwili, kisha Uingereza. Alikuwa msichana mdogo Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa wauguzi mwaka 2021, lakini anaujua kuliko mimi. Anajifunza Kiingereza cha mtihani kwa video, usiku, akinong'ona ili asimwamshe nyanya yake. Mimi nilijiandaa kwa ajili ya wodi. Yeye anajiandaa kwa ajili ya wodi na uwanja wa ndege. Simlaumu hata kidogo. Nimewahi kukesha peke yangu na wagonjwa wa vitanda thelathini, na sitamwambia mtoto akae hapo kwa sababu mimi nilikaa. Lakini inaniuma. Inaniuma kwa ajili ya yule atakayelazwa hapa, atakayemwita "Sista" usiku na asije mtu.

Barua yake ya kuitwa ilikuja kwa simu. Ameitwa Nakuru. Tulipitia orodha pamoja: sare, viatu, chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni sindano tatu kwa miezi sita na lazima aanze mapema. Alipofika kwenye saa alicheka.

"Shangazi, simu ina saa."

Nikamwambia simu ataiweka wapi akiwa na glavu zenye damu. Hakujibu. Nikavua yangu nikampa, nikamwelekeza amshike Mama mkono, vidole viwili, chini ya kidole gumba. Mama alinyoosha mkono wake kwenye mwanga wa mlango. Msichana aliinama, akatafuta, akasogeza vidole, akatafuta tena. Kisha uso wake ukatulia na midomo ikaanza kutikisika.

"Sabini na nne," akasema.

"Hukungoja mshale ufike juu," Mama akamwambia. "Hesabu tena."