Uchina ni Nchi Kubwa: Twende Wapi?



Mtu akijaliwa kupata siku kumi na mbili za mapumziko pamoja na nauli ya kwenda Uchina, mara huandika orodha ndefu: Beijing, Shanghai, Xi'an, Chengdu, Guilin, na kila mlima aliouona katika picha. Lakini atazame kwanza ramani. Nchi ile ina kilomita za mraba zipatazo milioni 9.6, yaani ni kama Kongo yetu mara nne. Ni nani awezaye kuizunguka Kongo yote kwa siku kumi na mbili? Mshika mbili moja humponyoka; seuze mwenye kushika sita! Fedha zake zitaishia katika tikiti, na macho yake yataona vituo vya treni tu.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: chagueni mji mmoja wa kale na mandhari moja, mkavipe siku za kutosha.

Tuanze na miji. Apendaye kujua jinsi dola kubwa ilivyotawaliwa, na aende Beijing. Huko lipo jumba la wafalme lililojengwa tangu mwaka 1406 hata 1420. Wafalme wa koo mbili, Ming na Qing, walikaa humo, na tangu mwaka 1925 ni nyumba ya makumbusho. Mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka mjini, mahali paitwapo Mutianyu, Ukuta Mkuu hupanda na kushuka juu ya migongo ya milima.

Apendaye mambo ya kale zaidi, na aende Xi'an. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji huo waligundua vipande vya sanamu za udongo. Kumbe chini ya shamba lao lilisimama jeshi zima, maelfu ya askari wa udongo wa kuchoma, waliowekwa kulinda kaburi la mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Katika makumbusho ya mawe ya mji huo huo limo jiwe lililochorwa maandishi mwaka 781, lisimulialo jinsi Wakristo wa Mashariki walivyofika Uchina mwaka 635. Wengi wetu hudhani kwamba Injili ilifika huko juzi tu!

Sasa mandhari. Kusini, kati ya Guilin na Yangshuo, mto Li hupita katikati ya vilima vya mawe ya chokaa vilivyosimama wima, kila kimoja peke yake. Maji ya mvua yameyala mawe hayo kwa mamilioni ya miaka, yakaacha yaliyo magumu. Wachina wenyewe wanaipenda sana sura hiyo, hata wameichora katika noti ya yuani 20. Si mbali na hapo, huko Longji, wakulima wamekata milima kuwa matuta ya mpunga toka chini hata juu. Msomaji wa Kivu, anayejua kazi ya kulima mteremkoni, atawaheshimu watu wale bila kuelezwa.

Mlima Huangshan, wenye kimo cha mita 1,864, una uzuri wa namna nyingine: misonobari imeota katika nyufa za miamba, na mara nyingi mawingu hutanda chini ya miguu ya msafiri. Lakini ngazi zake za mawe ni nyingi mno. Mwenye magoti mabovu apande kwa vigari vya kamba ya chuma, au achague mto Li, ambako atakaa chomboni na kutazama.

Angalieni na majira. Miezi ya Septemba na Oktoba ni mizuri karibu kila mahali, ila juma la kwanza la Oktoba ni sikukuu ya taifa, nao Wachina husafiri kwa wingi usio na kifani. Vivyo hivyo wakati wa mwaka mpya wao, kati ya Januari na Februari. Huko Guilin mvua ni kubwa kuanzia Aprili hata Juni.

Neno la mwisho ni kwa wafanya biashara wetu. Wengi wao huenda Guangzhou kununua bidhaa, nao hurudi wakiwa wameona maghala, hoteli na uwanja wa ndege. Kumbe kutoka Guangzhou treni ya mwendo wa kasi hufika Guilin kwa saa tatu hivi! Nauli iliyo kubwa, ile ya kuvuka bahari, wamekwisha kuilipa. Wakiongeza siku tatu tu, watakuwa na jambo la kuwasimulia watoto wao nyumbani, lisilo bei za vitambaa.